Anzeni na Saa ya Kurudi

Vikundi vingi vya marafiki hapa Mwanza vina safari moja ambayo miaka inapita haifanyiki, na mara nyingi ni ya Ukerewe. Mtu huitaja kwenye harusi, wote wakaikubali kwa furaha, kundi la WhatsApp likafunguliwa usiku uleule, picha za Nansio zikatumwa, na baada ya wiki tatu kundi likabaki la kutakiana heri ya sikukuu. Hakuna aliyekataa kwenda. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza swali moja mapema, swali ambalo ningependa kila anayejifunza kupanga matembezi alitangulize hata kabla ya kuuliza mnakwenda wapi: kati yenu, anayetakiwa kurudi mapema kuliko wote anatakiwa awe wapi, siku gani, saa ngapi?

Liulizeni kwa majina. Muuguzi anaingia zamu ya usiku Jumapili. Mwenye duka Makoroboi hawezi kulifunga Jumatatu asubuhi. Mwenye mtoto mchanga anaweza kukaa nje ya nyumba saa sita tu. Mkishapata saa hiyo, hesabuni kurudi nyuma: muda wa njiani, muda wa kula, muda wa kungoja chombo, na saa nzima ya ziada kwa ajili ya pancha au mvua. Muda unaobaki ndio wa kutembea, na ndio unaochagua mahali. Mkianza na mahali, saa ya kurudi itakuja kujichagua yenyewe, na kwa kawaida hujichagua usiku, dereva akiwa amechoka, ng'ombe wakivuka barabara ya Magu.

Hapa kwetu jua huzama karibu saa moja jioni mwaka mzima, tofauti yake haifiki hata nusu saa kati ya mwezi na mwezi. Ni kipimo kizuri. Kikundi kinachojifunza kijiwekee kwamba gari liwe limeingia Igoma au Buhongwa kabla ya giza, na kila kitu kingine kipangwe kwa kufuata hilo.

Mkiwa na nusu siku tu, msiidharau. Kisiwa cha Saanane kiko hapo mbele ya Capri Point, mwendo mfupi wa boti, na tangu 2013 ni hifadhi ya taifa. Jina lake ni la Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyeishi kisiwani kabla serikali haijakichukua na kuweka bustani ya wanyama mwaka 1964. Kuna swala, kuna pimbi wanaoota jua juu ya mawe, na kuna kilele cha miamba ambapo mji wote unaonekana. Kwa kikundi ambacho hakijawahi kusafiri pamoja, Saanane ndiyo safari ya kwanza ninayoishauri, kwa sababu ina kila somo kwa udogo: mchango, saa ya kukutana, chombo cha majini, chakula, na nani anachelewa. Mkishindwa kufika gatini pamoja saa tatu asubuhi, mmejua jambo muhimu kabla ya kukodi gari la kwenda mbali.

Bujora nayo, pale Kisesa kwenye barabara ya Musoma, inatosha kwa nusu siku. Ni makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, na ngoma za machifu zilizohifadhiwa pale hazina mfano kanda hii. Mkipenda umati, nendeni Juni wakati wa tamasha la Bulabo, vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vinaposhindania watazamaji. Mkipenda kusikiliza maelezo kwa utulivu, epukeni siku hizo kabisa.

Wenye siku nzima wamefunguliwa njia mpya tangu Juni 2025, lilipozinduliwa daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3. Wanaokumbuka foleni ya kivuko pale wanajua jinsi ilivyokuwa ikiharibu ratiba: hukuweza kuahidi saa ya kurudi kutoka Geita kwa sababu hukujua utasubiri kiasi gani. Sasa kwenda Sengerema au Geita na kurudi ni hesabu ya barabara ya kawaida. Upande wa mashariki kuna Lamadi, na mbele kidogo lango la Ndabaka, kama kilomita 140 kutoka mjini. Ndabaka huwapotosha wengi. Wanasikia kwamba Serengeti iko karibu hivyo, wanadhani watakunywa chai Mwanza na kuona simba Seronera kabla ya chakula cha mchana. Kutoka langoni hadi Seronera ni zaidi ya kilomita 100 nyingine, ndani ya hifadhi, kwa mwendo wa hifadhini. Kwa siku moja, baki upande wa magharibi, ukanda wa mto Grumeti, ambako nyumbu hupita kwa wingi kuanzia Mei hadi Julai. Wakati wa mvua ule udongo mweusi hunasa hata gari lenye nguvu, kwa hiyo pigieni simu wahifadhi au madereva wa huko mkaulize hali ya njia. Kila Mtanzania abebe kitambulisho, maana kiingilio cha raia ni kidogo mno kuliko cha mgeni na asiyekuwa na uthibitisho anaweza kukikosa. Getini hawapokei noti mkononi. Hulipwa kwa kadi au kwa namba ya malipo ya serikali, na jambo hilo limalizwe siku moja kabla.

Ukerewe inahitaji usiku mmoja angalau, na hapa naomba nisikilizwe kwa makini kwa sababu ndiyo safari inayotamaniwa zaidi na kupangwa vibaya zaidi. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni meli kutoka Mwanza hadi Nansio, kama saa tatu majini au zaidi. Ya pili ni ya kuzunguka: barabara hadi Bunda, kisha Kisorya, kisha kivuko kifupi hadi Rugezi. Meli ni raha, mnakaa pamoja, mnaongea, mnaona visiwa. Lakini mkikosa ya mwisho ya kurudi mmelala. Njia ya Bunda ni ndefu zaidi, ila ukikosa kivuko kimoja unangoja kinachofuata. Kikundi chenye mtu wa zamu ya Jumatatu kiende kwa meli na kirudi Jumapili kwa chombo cha kwanza, wala si cha mwisho, ili ikitokea hitilafu kibaki kingine cha kukimbilia. Ratiba hubadilika. Iliyotumwa kwenye simu mwaka jana haifai kitu. Mtu mmoja aende bandarini mwenyewe katikati ya wiki ile ile ya safari, aulize saa ya kuondoka huku na saa ya kuondoka Nansio, aandike zote mbili.

Musoma na Butiama, alikozaliwa na kuzikwa Mwalimu Nyerere, pia ni za kulala, ingawa barabara ni nzuri. Rubondo ni ya siku tatu na ya mfuko uliojaa. Iwekeni ya mwaka wa pili.

Sasa pesa, ambayo huvunja urafiki mwingi kuliko barabara mbaya.

Gharama za safari ni za aina mbili na lazima zitenganishwe kwenye karatasi. Kuna zile zinazohesabika kwa kichwa, kama tiketi ya meli, kiingilio, sahani ya chakula. Mtu asipokuja, gharama yake inaondoka naye. Na kuna zile zisizobadilika: gari la kukodi, mafuta, posho na malazi ya dereva, boti mliyoikodi nzima. Hizi ndizo zinazoumiza. Tuseme gari na mafuta ni shilingi 300,000 na watu kumi na wawili wamesema watakuja. Kila mmoja anaambiwa 25,000. Asubuhi ya safari wanatokea tisa. Ghafla kila mmoja anadaiwa zaidi ya 33,000, na yule aliyekuwa amejibana kupata ile 25,000 anasimama stendi hana la kusema. Dawa yake ni kupanga kwa idadi ya waliokwishalipa. Wekeni siku ya mwisho ya mchango, siku kumi kabla ya safari, na siku hiyo ikipita hesabuni majina yenye pesa, mchague gari linaloenea hao. Aliyekuja na pesa baada ya hapo akaribishwe kama kuna kiti.

Kubalianeni pia mapema kuhusu anayejitoa. Mimi naona haki ni hii: sehemu yake ya gharama za kichwa arudishiwe yote, sehemu ya gari isirudi isipokuwa ametafuta wa kuziba nafasi yake. Likisemwa kabla, hakuna anayeona ameonewa. Msiba ni jambo tofauti. Rafiki aliyefiwa arudishiwe kila senti bila kuomba.

Kiwango cha mchango kinapaswa kuwekwa na mwenye kipato cha chini zaidi kati yenu, na kinajulikana kwa kuuliza faragha. Kwenye kundi, mbele ya watu ishirini, hakuna atakayeandika kwamba 60,000 ni nyingi. Ataandika "tuko pamoja", kisha siku tatu kabla ya safari atapata mgonjwa kijijini. Mpangaji ampigie simu kila mtu na aulize wazi: bila kuumia, unaweza kutoa kiasi gani? Akishapata majibu, achukue la chini na atafute safari inayolingana nalo. Wenye zaidi watatumia ziada yao huko huko, kwenye vinywaji au vitenge, bila kumlazimisha mwenzao kuwafuata.

Mhazini asiwe mpangaji. Mpangaji ana presha ya kufanikisha safari, na mwenye presha hukopa kwenye mfuko. Mhazini apokee kwenye namba moja, aandike jina na kiasi kundini kila pesa inapoingia, na michango iwekewe gharama ya kutolea tangu mwanzo, maana 25,000 ikitumwa kavu mara kumi na mbili, makato ya kutoa yatatoka mfukoni kwa mtu mmoja. Ongezeni asilimia kumi ya dharura. Isipotumika, inarudi.

Kuhusu gari, usikodi kwa picha. Mtu mwenye uelewa aende alipo, mchana, akaone matairi yote pamoja na la akiba, jeki, spana, taa, mikanda ya viti, bima na tarehe yake. Daladala inayotoka nje ya njia yake ya kawaida kwenda safari ya kukodi inahitaji kibali cha muda cha LATRA. Mwenye gari akisema si lazima, tafuta gari jingine, kwani mtakaosimamishwa saa mbili barabarani ni ninyi. Hiace yenye viti kumi na vinne ichukueni kwa watu kumi na wawili, mizigo nayo inataka kukaa. Dereva ulizeni alilala saa ngapi jana. Ni swali la heshima, na dereva mzuri hulipenda. Kama mnalala, lipeni chumba chake na chakula chake sawa na wenu. Dereva aliyelala kwenye kiti cha gari ndiye atakayewarudisha watoto wa watu nyumbani kesho yake.

Mahali pa kukutania pachaguliwe kwa uelekeo. Safari ya Musoma au Lamadi ikutanie Nyamhongolo, ya Geita au Shinyanga ikutanie Nyegezi. Gari likianza kuokota watu mlango kwa mlango, Kirumba, Pasiansi, Igogo, mtamaliza saa moja na nusu bila kuondoka mjini. Wanaotokea Buhongwa kwenda Kisesa watumie njia ya mchepuko ya Usagara, wasiingie katikati kabisa. Tajeni saa ya gari kuondoka, na gari liondoke saa hiyo. Kwa mara ya kwanza mtamwacha mtu. Itauma, na atapanda bodaboda awakute Kisesa, ila safari inayofuata watu watafika mapema.

Ziwa ninalitenga peke yake kwa sababu tumezoea kuliona dirishani na mazoea yametugharimu. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, na wengi kati ya waliokufa, zaidi ya watu 800, wamezikwa Igoma. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka hatua chache kutoka gati la Bwisya, Ukara. Kiliruhusiwa kubeba watu 101, kikawa na zaidi ya mara mbili ya hao, na 228 wakafa. Vyombo vyote viwili vilikuwa kwenye safari za kawaida, za watu waliokuwa karibu kufika. Kwa hiyo kikundi chenu kikubaliane kabla ya kutoka nyumbani kwamba chombo kikionekana kimejaa kupita kiasi, hampandi, hata kama tiketi zimekwishalipwa. Uamuzi huo hauwezi kufanywa vizuri pale gatini, nahodha akipiga honi na wenzako wawili wakiwa wamekwishakaa. Mteueni mtu mmoja ambaye neno lake ndilo la mwisho, na wengine wamfuate bila mjadala.

Boti ya kukodi iwe na jaketi okozi moja kwa kila kichwa, na la mtoto liwe la mtoto. Livaeni na kulifunga kabla injini haijawashwa. Tena tazameni saa. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, upepo huvuma kutoka ufukweni pande zote kuelekea ziwani, hewa ikakutana huko na kupanda juu, na ndiyo maana radi na dhoruba nyingi za ziwani huja kati ya usiku na alfajiri. Mchana upepo hugeuka, ukaanza kusukuma mawimbi kadiri saa zinavyokwenda. Kwa boti ndogo, muda wa kuvuka ni asubuhi iliyokwishapambazuka vizuri, baada ya kusoma utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, ambayo hutoa wa Ziwa Victoria peke yake. Vuli ya Oktoba hadi Desemba na masika ya Machi hadi Mei zinahitaji tahadhari zaidi. Juni hadi Agosti ni kukavu na barabara ni safi.

Kuogelea? Fukwe za Luchelele na Kayenze zinavutia, na najua vijana watataka kuruka majini. Waulizeni wavuvi wa pale pale kuhusu mamba na viboko, wao ndio wanaojua wiki hii kuna nini. Epukeni maji yaliyotulia yenye magugu, maana konokono wanaobeba vimelea vya kichocho hukaa humo na vimelea hupenya ngozi katika dakika chache bila kuhisiwa. Aliyeoga ziwani aende kituo cha afya baada ya wiki sita hadi nane akapime. Dawa yake, prazikwanteli, ni ya kawaida, na kuuacha ugonjwa huo ukae miaka huharibu ini na utumbo.

Kuna mambo ya watu ambayo hayaandikwi kwenye bajeti. Kanda yetu ina Wasabato wengi, na kikundi kinachopanga kila safari Jumamosi kimewafungia mlango bila kuwaambia. Zungusheni siku. Angalieni Ramadhani. Ulizeni nani ana kisukari, nani hutapika garini, nani ni mjamzito, na vituo vya choo vipangwe kwa ajili yao. Wadada waulizwe watafikaje nyumbani kutoka pale gari litakapowashusha, na safari isihesabiwe kuwa imekwisha mpaka kila mmoja ameandika kundini kwamba ameingia ndani. Wazazi wa vijana wadogo wapewe namba ya mpangaji na ya dereva. Mama akijua mwanawe yuko na nani na atarudi saa ngapi, safari ya pili hataipinga.

Chakula nakipitia haraka. Kifungua kinywa kila mtu ale kwake. Njiani bebeni matobolwa, karanga, ndizi na maji mengi. Haviozi na havichafui gari. Samaki wa mchana waagizwe kwa simu tangu asubuhi, kwa idadi, pamoja na bei. Kikundi cha watu kumi na watano kikiingia saa saba kwenye kibanda cha mama lishe na kuomba sato kumi na tano wa kukaanga kitakula saa tisa, na zile saa mbili ndizo zilizokuwa za kupanda mlima Handebezyo kule Ukerewe.

Siku inayofuata, mhazini atume hesabu kundini kabla ya jioni: kilichoingia, kilichotoka pamoja na picha za risiti, kilichobaki. Kilichobaki kigawanywe sawa na kirudishwe kwa simu, hata kikiwa shilingi 1,500 kwa mtu, isipokuwa wote wamekubali kibaki kwa safari ijayo. Katika ujumbe huohuo mpangaji aulize tena lile swali la kurudi, mwezi unaofuata ukiwa na majina na saa zake, na kazi ya kupanga ikabidhiwe kwa mwingine.